Je, Wajua? Funza wa Embe Hafikiwi na Bomba

Je, wajua kwamba funza unayemkuta ndani ya embe hakutoboa ganda ili aingie? Alizaliwa humohumo. Mama yake, inzi anayekaribiana kwa ukubwa na inzi wa nyumbani lakini mwenye kiuno chembamba kama cha nyigu, alitua juu ya tunda likiwa bado mtini, akalichoma kwa ncha ya mkia, akapachika mayai chini ya ganda, akaruka zake. Kinachobaki ni kidoa ambacho mnunuzi hakioni. Siku moja hadi tatu baadaye mayai yanaanguliwa, na kuanzia hapo watoto wanakula nyama ya embe gizani, huku tunda likiendelea kupendeza kwa nje.

Nimeanza na funza huyu kwa sababu ndiye anayewafilisi wakulima wetu wa maembe, na kwa sababu dawa nyingi anazopigiwa hazimfikii. Zinakaukia kwenye ganda. Mkulima ametoka duka la pembejeo na chupa ya bei mbaya, amebeba bomba mgongoni nusu siku, amerudi nyumbani ananuka sumu, na aliyemkusudia hakuguswa. Shika hilo moja, mengine yatafuata.

Je, wajua kwamba inzi huyo ni mgeni? Mwaka 2003 mitego iliyotegwa Pwani ya Kenya ilinasa inzi ambaye hajawahi kuonekana Afrika. Upande wa Tanzania naye akaonekana. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la kisayansi Bactrocera invadens, yaani mvamizi, wakidhani ni aina mpya. Miaka kumi ikapita ndipo ikabainika kwamba ni Bactrocera dorsalis, inzi wa matunda wa Asia anayefahamika kwa wataalamu tangu zamani. Wakati huo alikuwa ameshasambaa karibu kila nchi iliyo kusini mwa Sahara.

Maembe yetu yalikuwa na inzi wake wa asili kabla ya hapo, Ceratitis cosyra. Huko Nguruman, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, watafiti walishuhudia mgeni akimsukuma mwenyeji kutoka kwenye miembe yake katika miaka michache.

Je, wajua kwamba nasi tuliwahi kuuza balaa kama hilo nje? Inzi anayeitwa wa Mediterania, Ceratitis capitata, anayetisha wakulima wa machungwa na pichi tangu Hispania hadi Australia, asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Hawaii alifika mwaka 1910.

Je, wajua funza wa embe anakolala? Funza akishiba hutoka ndani ya embe lililoanguka, hujifukia kwenye udongo kina cha sentimeta chache tu, na kugeuka pupa. Siku kumi hivi zikipita anaibuka na mabawa. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja maishani mwake. Sasa tazama chini ya miembe kijijini kwenu mwezi wa kumi na mbili, maembe yaliyopasuka yamelala yanachacha, kuku wanadonoa, watoto wanayakanyaga. Kila moja ni wodi ya wazazi. Shamba la namna hiyo hata likipigwa dawa kila wiki, wiki inayofuata kuna kizazi kipya ambacho hakikuwepo dawa ilipopita.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya inzi wa matunda ni ndoo na jembe. Okota maembe yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, uyafukie kina cha nusu mita au zaidi. Ukiyafukia juujuu umewatandikia kitanda. Asiye na nguvu za kuchimba ayatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, aufunge barabara, auache juani siku kadhaa. Joto la ndani linamaliza kazi.

Je, wajua kwamba kuna hema linalochuja mema na mabaya? Lilibuniwa Hawaii. Unatupa ndani matunda yaliyoharibika, unalifunga, na juu yake kuna wavu wenye matundu madogo sana. Inzi wakiibuka hawapiti, wanafia ndani. Lakini nyigu wadogo waliokuwa wakiishi kwenye miili ya funza hao ni wembamba, wanapenya na kurudi shambani kuendelea kuwaandama. Nayapenda mahesabu ya hema hili. Shimo linaua adui pamoja na rafiki, hema linamwachia rafiki mlango.

Na nyigu wenyewe ni wa ajabu. Mmoja wao, Fopius arisanus, hutafuta yai la inzi lililofichwa chini ya ganda la embe na kutaga yai lake ndani ya yai hilo. Funza wa inzi anakua na kujifukia kama kawaida, lakini anayeibuka ardhini ni nyigu. Kule bomba lisikofika, yeye anafika. Nyigu hawa waliletwa Kenya kutoka Hawaii na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Makao yake Kasarani, Nairobi, yanaitwa Duduville, mji wa wadudu, na Odhiambo aliamini kwamba Mwafrika anapaswa kumsoma mdudu wake mwenyewe badala ya kuletewa sumu na maelezo ya sumu.

Je, wajua kwamba inzi dume hujitia manukato? Kuna kemikali iitwayo methili eujino, ambayo mimea kadhaa huitengeneza, mrehani ukiwamo. Dume akiinusa hawezi kujizuia kuifuata. Anairamba, mwili wake unaigeuza kuwa harufu, na majike wanampenda zaidi. Ukiitia kwenye mtego pamoja na sumu kidogo, madume wanakuja wenyewe kutoka mbali na kufia humo, majike wanabaki bila waume. Hakuna tone linaloangukia tunda.

Jike naye ana njaa yake. Mayai yake hayakomai mpaka ale protini, kwa hiyo siku za kwanza za maisha yake anazunguka akiitafuta kwenye majani. Hapo ndipo chambo kinapomnasa. Chachu iliyobaki kwenye viwanda vya bia ikichemshwa na kuchanganywa na sumu kidogo inatosha, na haurashiwi mti mzima, ila sehemu ya majani ya upana wa mita moja hivi. Mwembe uliobaki ni safi. Mkulima anatumia sehemu ndogo ya dawa aliyokuwa akitumia, tena anamuua mama kabla hajachoma embe hata moja.

Ila kuna sharti. Jirani asipotega, inzi wake ni wako. Mabawa hayajui mpaka wa shamba.

Je, wajua kwamba mkungu wa barazani una mkono katika hili? Msimu wa maembe ukiisha, mvamizi huyu haondoki. Anahamia kwenye makungu, mapera na matunda ya mng'ong'o, anazaliana kimyakimya, anangoja maembe yatoke tena. Ukanda wetu wa pwani umejaa mikungu, kwenye fukwe na kwenye viwanja vya shule. Hakuna anayesema ikatwe, kivuli chake tunakihitaji. Lakini makungu yaliyooza yafagiliwe na kufukiwa kama maembe.

Je, wajua kwamba mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe Umoja wa Ulaya? Shehena zilikuwa zikikamatwa zikiwa na funza, na nchi ikaona heri isimame kabla ya kufungiwa. Ilichukua miaka saba. Makueni yakatengwa maeneo ambako wakulima kwa pamoja walitega mitego, wakakusanya yaliyoanguka, wakahesabu inzi, na mwaka 2021 maembe yakaruhusiwa kuondoka tena. Kilichofungua mlango kilikuwa hesabu ya mitego na usafi wa shamba. Kama kingekuwa dawa kali, mlango ungefunguka mapema zaidi, maana dawa kali hazikuwahi kukosekana madukani.

Njia nyingine ya kusafisha embe la kuuzwa ng'ambo ni kuliogesha. Soko la Marekani linakubali embe lililozamishwa katika maji ya moto ya nyuzi 46.1, kwa dakika 65 hadi 110 kulingana na umbo na uzito wake. Joto hilo linaua mayai na funza, na embe likisimamiwa vyema haliivi.

Je, wajua gramu moja katika tani mia ni kiasi gani? Ni malori kumi ya tani kumikumi yaliyojaa matunda, na ndani yake yote gramu moja ya sumu. Ndicho kipimo ambacho Umoja wa Ulaya hukitumia kwa dawa isiyowekewa kiwango maalumu kwa tunda fulani: miligramu 0.01 kwa kilo. Ndiyo maana kwenye kibandiko cha chupa kuna idadi ya siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Siku hizo zimepimwa, jua na mvua zinahitaji muda kuivunja sumu. Kinachoniuma ni kwamba embe la Ulaya linapimwa maabara, na embe la sokoni kwetu mara nyingi linapimwa kwa macho. Mtoto wa Mbagala au wa Likoni ana ini lilelile.

Je, wajua maana ya utepe wa rangi chini ya kibandiko? Nyekundu ni sumu kali kabisa. Njano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Kijani hakina maana ya kwamba ni salama kunywa, kina maana kwamba kinahitajika kiasi kikubwa zaidi ili kuua. Na dawa ikihamishiwa kwenye chupa ya soda, utepe unabaki dukani.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu tunazungumza sana kuhusu mdudu na tunda na tunamsahau aliyebeba bomba.

Je, wajua kwamba sumu nyingi za mashambani hupitia ngozini kuliko mdomoni? Na ngozi si moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1971 ulipima jinsi dawa iitwayo parathioni inavyonyonywa na sehemu mbalimbali za mwili wa mwanamume. Kiganja na mkono vilinyonya kidogo. Sehemu za siri zilinyonya karibu mara kumi na mbili ya mkono. Sasa mfikirie kijana wa kibarua mwenye bomba la lita 16 linalovuja kwenye kifuniko. Dawa inashuka mgongoni, inalowesha kiuno, inatiririka mapajani. Amevaa kaptula. Atakaa hivyo mpaka adhuhuri. Barakoa peke yake haimwokoi huyu. Kinachomwokoa ni mpira mpya wa kifuniko, unaouzwa bei ndogo kuliko soda, pamoja na sabuni na maji yaliyowekwa kando ya shamba kabla kazi haijaanza.

Dalili za sumu ya aina hiyo ikiingia mwilini hufanana na malaria au uchovu: kichwa kinagonga, jasho linatoka, mate yanajaa mdomoni, macho yanatoka machozi na mboni zinasinyaa. Ukiyaona hayo kwa mtu aliyetoka kupiga dawa, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni, mpeleke hospitali, na uchukue kibandiko cha ile dawa uende nacho, maana daktari anahitaji kujua ni sumu ya aina gani.

Maziwa hayaondoi sumu mwilini. Najua tumelelewa tukiambiwa hivyo, na wapo waajiri wanaompa kibarua pakiti ya maziwa badala ya glavu. Ampe glavu.

Je, wajua kwamba dawa maarufu kuliko zote za ukungu wa matunda ilianza kama hila ya kuwazuia wezi? Huko Médoc, karibu na Bordeaux nchini Ufaransa, wakulima wa zabibu walipaka mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili wapita njia waone rangi mbaya na kuogopa kuchuma. Mwaka 1882 Profesa Pierre-Marie-Alexis Millardet aligundua kwamba mizabibu hiyo ya kando ndiyo pekee iliyobaki na majani, ya katikati ikiwa imeliwa na ukungu. Dawa za shaba zinazopigwa leo kwenye miembe dhidi ya ugonjwa wa chule ni wajukuu wa hila ile.

Je, wajua kwamba matofaa ya Marekani yalipigwa dawa ya madini ya risasi na aseniki kwa zaidi ya nusu karne? Mchanganyiko huo ulianza kutumika mwaka 1892, na baadaye wakulima wa matofaa wakautegemea kuua nondo anayezaa funza ndani ya tunda. Katika miaka ya 1920 mabaki yalikuwa mengi mpaka matofaa yakawa yanaoshwa kwa tindikali kabla ya kuuzwa. Nondo akazoea. Wakazidisha kipimo, akazoea tena. Risasi na aseniki havichachi wala haviozi, na yapo mashamba ya zamani, mengine sasa ni mitaa ya makazi, ambayo udongo wake bado unavyo.

Kuzoea huko kulionekana mapema. Mwaka 1914 mtafiti A. L. Melander wa jimbo la Washington aliuliza kwa maandishi kama wadudu wanaweza kuwa sugu kwa dawa. Alikuwa ameona kwa macho yake wadudu wa matofaa wasiokufa kwa mchanganyiko wa salfa na chokaa uliokuwa ukiwaua wazazi wao. Hakuna muujiza ndani yake. Ukipiga dawa ileile mwaka baada ya mwaka, unawaua wote isipokuwa wachache wanaoihimili, na hao ndio wanaobaki kuzaa. Anayebadilisha jina la chupa bila kubadilisha kundi la sumu iliyomo hajabadilisha kitu, na madukani majina ni mengi kuliko makundi.

Je, wajua kisa cha machungwa ya California? Wadudu weupe kama pamba kutoka Australia waliifunika michungwa mpaka wakulima wakaanza kuing'oa. Mwaka 1888 Albert Koebele alitumwa Australia kumtafuta adui wao wa kwao. Akapeleka mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, Rodolia cardinalis, na katika muda wa miaka miwili hivi balaa likaisha. Mbawakawa akalinda michungwa ile kwa zaidi ya miaka hamsini bila malipo. Kisha ikaja DDT baada ya Vita Kuu ya Pili. Iliua wadudu wengine, ikamuua na yeye, na wale weupe waliosahaulika wakarudi kwa kishindo.

Kisa kingine ni cha ndizi, na ni kizito. Kwenye visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vilivyo chini ya Ufaransa, mashamba makubwa ya ndizi yalipigwa sumu iitwayo klodekoni kuanzia mwaka 1972 hadi 1993, kumuua fukusi wa mgomba, yuleyule anayeangusha migomba ya Bukoba. Marekani ilikuwa imeacha kuitengeneza mwaka 1975, baada ya wafanyakazi wa kiwanda kule Hopewell, Virginia, kuanza kutetemeka mikono. Visiwani iliendelea kutumika kwa miaka kumi na minane zaidi. Leo zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo wanayo kwenye damu, na udongo utaihifadhi kwa vizazi. Na fukusi huyohuyo hunaswa kwa kipande cha shina la mgomba kilichopasuliwa na kulazwa chini jioni. Asubuhi unakigeuza, unawaokota.

Je, wajua kwamba jamii moja kubwa ya dawa za wadudu ilizaliwa na ua linalolimwa Nakuru, Iringa na kaskazini mwa Rwanda? Pareto. Sumu yake inamwangusha mdudu papo hapo, lakini jua linaivunja kwa muda mfupi. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, Rothamsted nchini Uingereza, walitengeneza pemethrini, inayoigiza pareto lakini haiogopi jua. Kudumu huko kulisifiwa sana, na ndiko kunakoua nyuki wa kesho yake.

Maua ya mwembe, kwa njia, huchavushwa zaidi na inzi na wadudu wadogo wengine. Shada moja lina maua mamia, pengine maelfu, na hata moja katika mia halifiki kuvunwa likiwa embe. Anayepiga dawa ya wadudu mwembe ukiwa umechanua anaipunguza hata hiyo moja.

Mwarobaini nao una cheti chake. Mwaka 1959 mtaalamu Mjerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nchini Sudan kundi la nzige likisafisha kila jani isipokuwa la mwarobaini.

Na sasa majimoto. Je, wajua kwamba sisimizi hawa wekundu wanaokung'ata ukipanda mwembe ni walinzi wa matunda wa zamani kuliko dawa yoyote iliyotajwa hapa? Kitabu cha Kichina kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 kinaeleza jinsi viota vya ndugu zao wa Asia vilivyouzwa sokoni ili vitundikwe kwenye michungwa. Zanzibar, katika miaka ya 1950, ilijulikana kwamba minazi yenye majimoto haiangushi nazi changa ovyo, kwa kuwa sisimizi humfukuza mdudu anayezifyonza. Na huko Benin watafiti waligundua jambo lililonishangaza kuliko yote: sisimizi hawahitaji hata kumkamata inzi. Wanapotembea juu ya embe huacha harufu, na inzi jike akiinusa anaondoka bila kutaga. Ganda lilelile lililokuwa likinyweshwa dawa bure linalindwa na nyayo.

Viota vyao huvishona kwa majani mabichi. Sisimizi wakubwa huyavuta majani yakutane, mwingine hubeba mtoto wao mdomoni kama sindano, na mtoto hutoa hariri inayoyaunganisha. Wavunaji hujipaka majivu mikononi na miguuni ili wasing'atwe. Na kule China, wakulima waliotaka sisimizi wafike kila mti walilaza mianzi kutoka mchungwa mmoja hadi mwingine, madaraja membamba, wakawaacha wavuke wenyewe.